Timu Iliyozoea Kushindwa

Kushindwa ni kwa namna mbili. Kuna kushindwa kwa siku moja, nako ni kama mvua imnyeshayo msafiri: humlowesha, kisha jua hutoka na nguo zake hukauka. Tena kuna kushindwa kwa mazoea, nako ni kama uvundo wa nyumba isiyofunguliwa madirisha. Huingia katika mbao za dari, na katika nguo, na katika vitabu, hata wenyeji wenyewe wasiusikie tena. Mtu wa namna ya kwanza husema, "Leo nimeshindwa." Mtu wa namna ya pili husema, "Mimi ni mtu wa kushindwa." Maneno hayo mawili hukaribiana katika sauti, lakini njia iliyo kati yake ni ndefu, na wako watu waliokwenda njia hiyo wasirudi. Habari ifuatayo ni ya vijana waliosimama katikati ya njia hiyo mwaka 2008, wasijue bado watageukia upande upi.

Vijana hao walikuwa wachezaji wa besiboli, mchezo upendwao sana katika nchi ya Marekani, na vilevile katika Japani na visiwa vya Karibi. Timu ni watu tisa. Mmoja wa upande huu, aitwaye mrushaji, husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja, akarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Mmoja wa upande wa pili, aitwaye mpigaji, humngojea na rungu mkononi. Akiupiga mpira vema hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akifika salama pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Akiupiga hata ukavuka ukuta wa uwanja, aweza kuzunguka pole pole kama apendavyo, maana hakuna wa kumzuia. Wapigaji watatu wakiisha kutolewa, upande wao huweka rungu chini na kuingia kulinda. Kila upande hupewa zamu tisa za kupiga. Na zamu hizo zikiisha hali wamelingana, huendelea mpaka mmoja ampite mwenziwe, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Jambo moja lautenga mchezo huu na michezo mingine mingi, nalo ni wingi wake. Timu kubwa hucheza michezo 162 katika msimu mmoja, tangu majira ya kuchipua mpaka mwisho wa mwezi wa Septemba, karibu kila siku ya Mungu. Aliyeshindwa leo hana juma zima la kuomboleza. Kesho jioni yampasa kuvaa tena nguo zake na kuingia uwanjani mbele ya watu walewale. Wala hakuna timu isiyoshindwa. Hata zilizo bora, nyingi hupoteza michezo hamsini au sitini hivi kabla ya msimu kwisha. Naye mpigaji hodari, ambaye watoto huvaa jina lake migongoni, hukosa mara saba katika kila mara kumi, na bado husifiwa. Basi mchezo huu ni chuo cha kushindwa, na tofauti ya mwanafunzi mwema na mbaya ni namna anavyokwenda kulala jioni na anavyoamka asubuhi.

Katika jimbo la Florida, kando ya ghuba ya Tampa, uko mji uitwao St. Petersburg. Timu ya mji huo ilianza kucheza na timu kubwa mwaka 1998, na kwa miaka kumi ilishindwa kuliko kawaida ya kushindwa. Kila msimu, tangu ule wa kwanza hata ule wa 2007, ilipoteza michezo zaidi ya 90. Katika miaka hiyo kumi ilikuwa ya mwisho katika kundi lake mara tisa. Mwaka 2007 ilishinda michezo 66 na kushindwa 96, wala hapakuwa na timu nyingine yenye hesabu mbaya kama hiyo katika timu zote thelathini. Mtoto aliyezaliwa St. Petersburg mwaka ule timu ilipoanza, alikuwa amefika umri wa miaka tisa bila kuiona ikimaliza msimu mmoja na ushindi mwingi kuliko kushindwa. Uwanja wao ulikuwa na paa, na viti vyake vingi vilikaa vitupu. Timu ya New York au ya Boston ilipokuja kucheza, mara nyingi waliowashangilia wageni walikuwa wengi kuliko waliowashangilia wenyeji.

Tena walikuwa maskini kati ya matajiri. Kundi lao lilikuwa la Mashariki, pamoja na Yankees wa New York na Red Sox wa Boston, timu kongwe zenye sifa na mali. Mwaka 2008 Yankees waliwalipa wachezaji wao zaidi ya dola milioni 200, nao watu wa Tampa Bay walilipa milioni 44 hivi. Mtu aliyesikia hesabu hiyo alicheka tu, kama achekavyo mtu aonapo mtumbwi wa mti mmoja ukishindana na jahazi la tanga mbili.

Lakini katika kushindwa kwao mlikuwa na mbegu. Desturi ya mchezo huo siku zile ilikuwa kwamba kila mwaka timu zilichagua vijana wapya, na zilizoshindwa sana zilitangulia kuchagua. Hivyo timu ya Tampa Bay, kwa kuwa ilikaa chini miaka mingi, ilipata vijana bora: B.J. Upton mwaka 2002, Evan Longoria mwaka 2006, na mrushaji David Price mwaka 2007, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika nchi nzima. Mwaka 2008 Longoria alikuwa na umri wa miaka 22, na Upton miaka 23. Warushaji watano walioanza michezo yao, yaani James Shields, Scott Kazmir, Matt Garza, Andy Sonnanstine na Edwin Jackson, msimu ulipoanza hapakuwa na hata mmoja aliyepita miaka 26. Ilikuwa timu ya vijana wenye nguvu za mikono. Nguvu za moyo zilikuwa hazijapimwa bado.

Kabla ya msimu huo timu ilibadili jina. Hapo kwanza iliitwa Devil Rays, na hilo ni jina la samaki mpana wa baharini, wa jamii ya yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita taa. Mwisho wa mwaka 2007 neno la kwanza likaondolewa, likabaki Rays, na wenyewe wakasema sasa maana yake ni pia mwale wa jua. Ni ajabu kidogo kwamba lugha ya Kiswahili huyaunganisha mambo hayo mawili bila shida, maana kwetu taa ni samaki, na taa ni chombo cha kumulika gizani. Wako walioona kwamba kubadili jina ni kupaka chokaa ukuta unaoanguka. Na kweli, jina peke yake halimfanyi mtu. Lakini mtu aliyeitwa kwa jina la dharau miaka kumi huenda akahitaji kuitwa vingine, angalau apate kugeuka na kutazama ni nani aitwaye.

Mwalimu wao aliitwa Joe Maddon, mzee mpole mwenye miwani na nywele za mvi. Aliwapa wachezaji fumbo la hesabu: tisa ni sawa na nane. Mtoto yeyote wa darasa la kwanza angelikataa. Lakini maana yake ilikuwa hii: watu tisa wakicheza kwa bidii zamu zote tisa, kila siku, watakuwa mmojawapo wa timu nane zilizoruhusiwa siku zile kuendelea baada ya msimu kwisha. Wengine walicheka. Timu ambayo haikuwahi kushinda hata nusu ya michezo yake, yanenaje habari za timu nane bora?

Msimu ulipoanza, kicheko kilipungua. Vijana walishinda, wakashinda tena. Mapema mwezi wa Julai walikuwa wameshinda michezo 55 na kushindwa 32, na hapakuwa na timu iliyowapita katika kundi lao. Watu wa St. Petersburg walianza kuja uwanjani na kengele za ng'ombe, wakazipiga mpaka masikio yakauma. Magazeti yakaja kutoka mbali. Vijana ambao mwaka uliopita hakuna aliyewajua sasa wakaombwa waandike majina yao katika vitabu vya watoto.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Haifai kusema kwamba vijana wale walilegea. Lakini sifa ni mzigo kwa asiyezoea kuubeba, kama vile aibu ilivyo mzigo kwa asiyeizoea. Kuanzia tarehe 7 Julai walishindwa, na kesho yake wakaenda New York wakashindwa. Wakafika Cleveland, wakacheza michezo minne, wakashindwa minne. Kwa jumla walipoteza michezo saba mfululizo. Wapigaji waliokuwa wakiupata mpira kama mtu aokotaye embe chini ya mti, sasa walipiga hewa. Warushaji walirusha vema wakaambulia kushindwa kwa alama moja. Kisha walirusha vibaya wakashindwa kwa alama nyingi. Ilipofika siku ya mapumziko ya katikati ya msimu, Boston ilikuwa imewapita.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa. Michezo saba kati ya 162 si mingi. Timu yoyote yaweza kupotewa nayo. Timu kongwe ikishindwa mara saba, wenyeji wake hununa, wakasema, "Wiki mbaya." Lakini timu iliyozoea kushindwa ikishindwa mara saba, husikia sauti nyingine. Sauti hiyo haipigi kelele. Husema kwa upole, kama rafiki wa zamani abishaye hodi jioni: "Mmerudi nyumbani. Mlikuwa mmekwenda kutembea tu." Na hatari ya sauti hiyo ni kwamba ndani yake mna raha. Aliyekwisha kukubali kwamba yeye ni wa kushindwa hana tena cha kuogopa; hana haja ya kujaribu, wala hakuna atakayemdai. Kutumaini ndiko kunakochosha.

Walioifuata timu hiyo kwa miaka mingi waliisikia sauti ileile. Kufuata timu ni jambo geni kidogo mtu akilitafakari. Mfuasi hapigi mpira wala harushi. Halipwi kitu, tena hutoa fedha yake. Hata hivyo huketi karibu na redio usiku, akahesabu zamu, moyo ukimpiga kama kwamba yeye ndiye aliyeshika rungu. Ushindi wa timu humpa furaha asiyoifanyia kazi, na kushindwa kwake humpa huzuni isiyo na kosa lake. Wako wafuasi wa ushindi. Hao huja na kengele timu ikishinda, na ikishindwa huzima redio wakasema hawakuipenda sana tangu hapo. Nao wako wafuasi wa watu. Hao husikiliza mpaka mpira wa mwisho, na kesho huuliza tena saa ya kuanza. Katika wiki ile ya Julai makundi hayo mawili yalianza kujulikana, maana baada ya dhiki ndipo rafiki hutambulikana.

Mapumziko yalikuwa ya siku chache. Maddon hakugeuza timu juu chini, wala hakuwalaumu vijana mbele ya watu. Kazi iliyokuwapo jana ndiyo iliyokuwapo kesho: watu tisa, zamu tisa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waliporudi mchezoni walishinda, nao wakaanza kupanda tena pole pole.

Kisha mambo yakawa magumu kwa namna nyingine. Tarehe 7 Agosti, katika mji wa Seattle, mpira ulimpiga Longoria kifundoni mwa mkono, ukavunja mfupa, akakaa nje zaidi ya mwezi mmoja. Siku chache tu baadaye Carl Crawford, mkimbiaji wao hodari, aliyekuwa na timu tangu mwaka 2002 na kuonja uchungu wake wote, akaumia kidole, asiweze kucheza tena mpaka msimu wa kawaida ulipokwisha. Naye Troy Percival, mtu mzima wa karibu miaka 40 ambaye kazi yake ilikuwa kurusha mwisho wa mchezo, aliumia pia. Ilikuwa rahisi kusema, "Sasa basi, hakuna atakayetulaumu." Badala yake watu waliokuwa wakikaa benchi wakasimama. Willy Aybar akashika mahali pa Longoria. Wengine ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa wakafanya kila mmoja sehemu yake. Katika mwezi huo wa majeraha walishinda michezo 21 na kushindwa saba tu. Haba na haba hujaza kibaba; tena kibaba hakiulizi ni chembe ipi iliyo kubwa.

Katika mwezi huohuo lilitokea jambo lingine, dogo kwa kutazama. Upton, ambaye Mungu alimpa kipaji kikubwa cha mbio, aliupiga mpira ukaenda vibaya, akajua kwamba atatolewa, asikimbie kwa nguvu. Maddon alikwisha kumweka benchi mara moja kwa sababu hiyo. Safari hii akamtoa katikati ya mchezo, mbele ya watu wote. Mwalimu angaliweza kunyamaza, maana Longoria na Crawford walikuwa wagonjwa, na timu ilimhitaji kijana huyo kuliko siku zote. Lakini alijua kwamba tabia ya kushindwa huanza hapo, katika hatua chache ambazo mtu haoni faida ya kuzikimbia. Upton alirudi uwanjani kesho, akakimbia. Mwezi wa Oktoba, timu ilipofika katika michezo mikubwa kuliko yote, kijana huyohuyo aliuvusha mpira ukutani mara saba.

Mwezi wa Septemba ulipofika, Longoria alikuwa hajapona bado, na timu ilianza kuyumba. Wakashindwa nyumbani, wakashindwa Toronto. Tarehe 8 Septemba wakaingia Boston, katika uwanja wa Fenway Park uliojengwa mwaka 1912, wakashindwa alama 3 kwa sifuri. Walikuwa wamesaliwa na nusu ya mchezo tu mbele ya Boston. Karibu watu wote walisema kwamba kesho yake Boston itawapita, na ya kwamba wakiisha kupitwa mwezi huo hawatainuka tena.

Kesho yake walimngojea mpigaji aliyeitwa Dan Johnson. Alikuwa ameitwa kutoka Durham, katika timu ndogo ambayo wachezaji wa Rays hulelewa. Jina lake liliandikwa katika orodha ya watakaoanza, lakini ndege yake ilichelewa, mchezo ukaanza bila yeye kuwapo, ikawa lazima jina lake lifutwe. Alipofika, wenzake walikuwa wanacheza. Akavaa, akaketi benchi, akangoja. Katika zamu ya nane mpigaji wa Boston aitwaye Jason Bay aliuvusha mpira ukutani, na Boston wakawa mbele, alama 4 kwa 3. Uwanja mzima ukalipuka kwa furaha. Katika zamu ya tisa akaja kurusha Jonathan Papelbon, mmoja wa warushaji waliogopwa sana siku zile, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mlango. Maddon akamwita Johnson. Mtu ambaye saa chache nyuma alikuwa safarini akashika rungu, akasimama, akaupiga mpira. Ukapanda, ukaenda, ukavuka ukuta upande wa kulia. Wakalingana. Kisha Fernando Perez akapiga akafika kituo cha pili, na Dioner Navarro akapiga, Perez akaja nyumbani. Rays wakashinda alama 5 kwa 4. Wazee husema, kawia ufike.

Usiku uliofuata walicheza zamu kumi na nne, mpaka watu wakasinzia vitini, na Carlos Peña akauvusha mpira ukutani na wenzake wawili wakiwa vituoni. Wakashinda 4 kwa 2. Walioingia Boston wakitarajiwa kupitwa wakatoka wakiwa mbele kwa michezo miwili na nusu. Tarehe 20 Septemba, nyumbani kwao, waliwashinda Minnesota 7 kwa 2, ikawa hakika kwamba watakuwa katika timu nane. Tisa ikawa sawa na nane. Msimu ulipokwisha walikuwa wameshinda michezo 97 na kushindwa 65, wa kwanza katika kundi lao, mbele ya Boston na New York.

Kama habari ingeishia hapa ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kweli kamili, maana jaribu kubwa lilikuwa bado. Waliwashinda White Sox wa Chicago, kisha wakakutana tena na Boston. Aliyetangulia kushinda michezo minne ndiye angeendelea. Rays walishinda mitatu na Boston mmoja. Tarehe 16 Oktoba, katika Fenway Park, walikuwa mbele kwa alama 7 kwa sifuri, na zamu ya saba ilikuwa inakwisha. Wapigaji saba tu wa Boston walibaki kutolewa. Watu wa Boston walikuwa wamekwisha kuinuka waende zao. Ndipo Boston wakapata alama nne; na katika zamu ya nane wakapata tatu; na katika ya tisa wakapata moja. Rays wakashindwa 8 kwa 7. Wakarudi nyumbani St. Petersburg kwa mchezo wa sita, wakashindwa tena, 4 kwa 2. Ile sauti ya upole ikarudi mlangoni kupiga hodi.

Tarehe 19 Oktoba ulichezwa mchezo wa saba. Garza alirusha kwa utulivu, akawapa Boston alama moja tu. Katika zamu ya nane, Rays wakiwa mbele 3 kwa 1, vituo vyote vikajaa watu wa Boston, na mpigaji mmoja tu alibaki kutolewa. Mpigo mmoja ungeweza kufuta msimu mzima. Maddon akampa mpira David Price, kijana wa miaka 23, ambaye alikuwa amefika katika timu kubwa mwezi mmoja tu uliopita. Price hakuwa amekaa katika ile miaka kumi; labda hiyo ndiyo sababu hakuisikia sauti. Akamtoa mpigaji. Katika zamu ya tisa akawatoa wengine, na mpira wa mwisho ukabiringika hata kwa Akinori Iwamura, mchezaji kutoka Japani, naye akakanyaga kituo cha pili. Timu iliyokuwa ya mwisho kati ya zote mwaka uliotangulia, sasa ilikuwa imebaki moja kati ya mbili.

Katika fainali walikutana na Phillies wa Philadelphia. Walishindwa michezo minne kwa mmoja. Mchezo wa mwisho ulisimamishwa na mvua tarehe 27 Oktoba hali wamelingana, ukaendelea tarehe 29, na Philadelphia wakashinda 4 kwa 3. Vijana wakafunga mizigo yao wakarudi nyumbani bila kikombe. Basi mtu aliyetaka kusema kwamba walishindwa angeweza kusema kweli. Lakini hakuna aliyethubutu kusema tena kwamba ni watu wa kushindwa, na wao wenyewe hawakulisema.

Alama ya jambo hilo ilionekana miaka mitatu baadaye. Mwezi wa Septemba 2011 ulipoanza, Rays walikuwa nyuma ya Boston kwa michezo tisa, na nafasi ya kuendelea ilikuwa moja. Wakaipunguza siku kwa siku, bandu bandu, mpaka siku ya mwisho ya msimu, tarehe 28 Septemba, wakawa sawa kabisa. Usiku huo, nyumbani kwao, Yankees waliwatangulia kwa alama 7 kwa sifuri mpaka zamu ya nane. Ilikuwa hesabu ileile ya Fenway Park, ila safari hii wao ndio waliokuwa chini. Watu wengi wakatoka kwenda nyumbani. Katika zamu ya nane Rays wakapata alama sita. Katika ya tisa, akiwa amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa, na kwake limebaki kosa moja tu, Maddon akamwita mtu aliyekuwa amepiga vibaya msimu mzima, naye ni Dan Johnson yuleyule aliyechelewa ndege. Akauvusha mpira ukutani, wakalingana. Katika zamu ya kumi na mbili Longoria akauvusha tena, wakashinda 8 kwa 7. Boston nao walikuwa wameshindwa huko Baltimore dakika chache tu kabla.

Kwa hiyo alama 7 kwa sifuri ziliwahi kuwaponyoka Rays, na alama 7 kwa sifuri zikaja kuwaponyoka wengine mbele yao. Mpira haukubadilika, wala urefu wa uwanja, wala wingi wa zamu. Walioondoka mapema usiku ule walikuwa na hesabu sahihi ya alama, maana ubao ulisema kweli: saba kwa sifuri. Waliobaki walikuwa na hesabu nyingine kichwani, ambayo haiandikwi ubaoni, yaani hesabu ya zamu zilizosalia. Mwenye kutaka kujua kama ameshindwa na ajifunze kuzisoma zote mbili, na asiondoke katika kiti chake mpaka ile ya pili ifike mwisho.